Laini ya Mjomba (11): Mpango wa Miaka Kumi

"Hakuna mtandao."

Hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo wiki iliyopita, yakiwa kwenye kioo cha simu ya Dionisia, mbele ya wanawake kumi na watatu ndani ya ukumbi wa parokia, Ruangwa mjini. Mmenipigia simu wiki nzima. Msomaji mmoja wa Liwale amenitukana kabisa kwa kukatisha pale. Haya, tuendelee, lakini yatakayofuata msinilaumu mimi.

Kwa wewe uliyeanza leo: Dionisia ana biashara ya mtandaoni, Ungo wa Kusini. Anauza korosho zilizobanguliwa kwa mkono na samli ya ng'ombe. Anapiga picha, anaweka kwenye ukurasa, wateja wanaagiza, mzigo unapanda basi. Ameulea ukurasa huo miaka minne mpaka umefikisha wafuasi elfu arobaini. Hana shamba, hana duka la matofali, hana mume. Ana ukurasa.

Asubuhi hiyo alikuwa anamweleza mgeni kutoka Dar es Salaam malengo yake ya miaka kumi, aliyoyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuyabandika ukutani nyumbani kwake. Mgeni huyo anaitwa Faith, mwanamke wa miwani na sauti ya chini, ambaye kampuni yake inapeleka vyakula kwenye mahoteli. Alikuja na mkataba ndani ya mkoba. Dionisia akataka kumwonyesha ukurasa. Simu ikakataa.

Aliizima, akaiwasha. Akatoa laini, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akairudisha. Hakuna mtandao.

"Mbona kwangu ukurasa unafunguka?" alisema mama Scholastika, katibu wa kikundi cha wabanguaji. Alikuwa ameinua simu yake. "Na kuna tangazo jipya. Limewekwa sasa hivi."

"Soma."

"Ungo wa Kusini sasa uko chini ya uongozi mpya. Endeleeni kutuamini."

Faith alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeona jambo limefanyika mapema kuliko lilivyopangwa. Hakushtuka. Wenzangu, likumbukeni hilo, maana Dionisia hakuliona.

"Dada Dionisia, mimi nakuamini," alisema Faith akikusanya karatasi zake. "Ila ofisi yangu inasaini na mwenye namba na ukurasa. Sasa ni saa nne na nusu. Mimi naenda Nachingwea, nitakuwepo pale mpaka saa kumi jioni. Usihangaike sana. Tulia, ulizia taratibu, saa kumi nipigie kwa namba ile ile tusaini."

"Nitapiga," alisema Dionisia.

"Saa kumi," alirudia Faith, akatoka, na gari lake likaondoka na vumbi lake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Ni yule Msukuma," alisema mama Scholastika.

"Nani mwingine? Kila siku yuko hapa na ndoo zake."

"Walianza kulishia ng'ombe wao mbaazi zetu, sasa wamehamia kwenye simu."

Yule Msukuma alikuwa mlangoni. Jina lake Shija. Familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa miaka sita iliyopita, ikaweka boma karibu na Matambarale, na wakati hakuna mtu wa Ruangwa aliyetaka kununua hata kikombe cha maziwa kwao, Dionisia ndiye aliyesema, lete samli nionje. Tangu siku hiyo Shija hajawahi kumcheleweshea mzigo. Alikuwa amesimama na ndoo mbili, na alikuwa amesikia yote.

Aliziweka ndoo chini taratibu.

"Simu yangu mimi ni ya tochi," alisema. "Huo ukurasa ningeuingilia wapi?"

Akawageukia wanawake.

"Mwezi wa nne simu yangu ilidumbukia mtoni, kule Mbwemkuru. Nikaenda kurudisha laini. Nikaambiwa weka kidole. Si kidole chochote, kidole cha aliyeisajili. Nikaweka, ile ya zamani ikafa hapo hapo, mpya ikafufuka. Ya zamani ingekuwa mkononi ingesema hivyo hivyo, hakuna mtandao." Akamtazama Dionisia. "Ya kwako alisajili nani, dada?"

Dionisia alikaa chini kwenye benchi. Alikuwa anajua ni nani, na hakutaka kulitamka jina lake mbele za watu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, na ni kosa ambalo mtu wa Bukoba au wa Moshi, ambako mtoto ni wa baba, asingelifanya.

Miaka minne iliyopita Dionisia hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Aliomba, akaambiwa asubiri, akasubiri. Bila namba hiyo huwezi kusajili laini. Wakati huo alikuwa na mume, Gidioni, fundi seremala, kitambulisho chake kiko mfukoni. Gidioni akasema, tumia kidole changu. Dionisia akakataa.

Kwao Ruponda mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wa upande huo ni mjomba. Mume ni mtu aliyekuja na begi, na siku yoyote anaweza kuondoka nalo. Mjomba haondoki. Mjomba ndiye anayekuoza, ndiye anayekusimamia ukigombana na watu, ndiye anayekuzika. Basi Dionisia alimpita mume wake kitandani, akaenda Ruponda kumchukua mjomba wake Maximilian, wakafika wote Nachingwea, mzee akaweka kidole. Namba ya biashara ikawa ya mjomba. Na kwa kuwa ukurasa ulifunguliwa kwa namba ile, na ukisahau neno la siri unatumiwa jipya kwa namba ile, ukurasa nao ukawa wa mjomba.

Gidioni aliumia. Mwaka uliofuata aliondoka kweli, na begi lake, na Dionisia akajipongeza kwa akili aliyokuwa nayo.

Baadaye kitambulisho chake kilitoka. Kilichobaki ni kwenda na mjomba Nachingwea kuhamisha jina, kazi ya nusu siku. Hakwenda. Utamwambiaje mjomba, nirudishie? Ni sawa na kumwambia simwamini. Januari mwaka huu alihudhuria semina ya siku tatu kwenye simu, mwalimu akawaambia waandike malengo makubwa bila kuogopa, na Dionisia akaandika ya miaka kumi. Kazi ya kuhamisha laini aliikumbuka. Aliiweka mwaka wa tatu. Mpango ule una ghala, una kiwanda, una nchi tisa za kuuza nje, na safari ya nusu siku ya kwenda Nachingwea imepangiwa mwaka wa tatu. Mimi ninayeandika haya nina hasira na Dionisia kuliko nilizonazo kwa waliomwibia.

"Twende Ruponda," alisema Dionisia akiinuka.

"Pikipiki iko nje," alijibu Shija.

Barabara ilinuka mabibo yaliyooza chini ya mikorosho. Pikipiki ilipasuka tairi mara moja, wakapoteza zaidi ya saa mbili kumtafuta fundi, na ilipotimu saa nane na nusu walikuwa wanaingia kwenye ua wa mjomba Maximilian.

Mzee alikuwa anaanika korosho kwenye turubai. Ni mtu wa miaka sitini na tisa, msimamizi wa kigango cha kanisa kwa miaka mingi, mtu ambaye watu humwachia vitu vyao wakisafiri. Alinyoosha mgongo alipowaona.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu. Na huyo mwenzio abaki pale pale kwenye pikipiki yake."

Shija alibaki pale pale.

"Mjomba, laini yangu imefungwa."

"Haikufungwa. Nimeichukua mimi. Saa mbili asubuhi nilikuwa Nachingwea, nikaweka kidole."

Hakujificha hata kidogo, na hilo ndilo lililommaliza nguvu Dionisia. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumbana mtu atakayekana.

"Kwa nini, mjomba?"

Mzee aliingia ndani akatoka na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki. Dionisia aliitambua. Ulikuwa mpango wake wa miaka kumi, nakala aliyompelekea mwenyewe siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, kwa fahari, ili mjomba aone mpwa wake anakwenda wapi.

Mjomba alivaa miwani.

"Mwaka wa tano, ghala Morogoro. Mwaka wa saba, makao makuu Dodoma. Mwaka wa kumi, nchi tisa." Alishusha karatasi. "Niliposoma mara ya kwanza nilisema, mtoto wetu ana akili. Mara ya pili nikawa natafuta Ruponda. Mara ya tatu nikamwita katekista anisomee, nikidhani ni macho yangu. Ruponda haimo."

"Mjomba, mpango wa biashara hauandiki vijiji."

"Morogoro imeandikwa."

"Morogoro ni njiani kwa wateja."

"Korosho unazitoa wapi?"

"Hapa."

"Zinabanguliwa na nani?"

"Mjomba, ungeniuliza tu. Ungenipigia simu."

"Na wewe ungeniandika tu," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imeumia. "Mstari mmoja. Mimi nilikupa kidole changu bila kukuuliza swali. Nilijua ni mali ya tumbo letu, naishika mimi mpaka niseme nani aishike. Kumbe unaibeba unahama nayo. Na yule ndiye anayekuhamisha." Akanyoosha kidevu kuelekea kwa Shija. "Watu wa kuhama wamekufundisha kuhama."

"Shija hahusiki hata chembe."

"Mwaka jana mbaazi zangu zote za bondeni zililiwa na ng'ombe. Nilikaa kimya. Hili sikai kimya."

"Laini iko wapi, mjomba?"

Aliyejibu hakuwa mjomba.

"Iko mahali salama, dada."

Koleta alikuwa amesimama mlangoni. Koleta ni mdogo wake Dionisia, tumbo moja, miaka ishirini na minne. Ndiye aliyekuwa akikaa naye Ruangwa, akifunga mizigo, akiwajibu wateja, akikimbilia basi na maboksi kichwani. Wiki tatu zilizopita aliaga anakuja kusaidia korosho za mama. Dionisia alimpa nauli na kitenge cha kumpelekea mama.

"Lile tangazo ni wewe," alisema Dionisia.

"Ni mimi. Neno la siri nilikuwa nalo siku zote, hukumbuki? Ulinipa mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unalala mimi najibu watu."

"Koleta, mimi ni dada yako."

"Sawa, dada yangu. Mwaka wa pili umeandika nini?"

Dionisia aliiangalia karatasi mkononi mwa mjomba.

"Mjomba, msomee. Au nisome mimi, naijua kwa kichwa. 'Mwaka wa pili, kuajiri mtu mwenye cheti cha masoko, kuachana na wasaidizi wa kifamilia.' Wasaidizi. Tuko wangapi hao? Niko peke yangu." Koleta alikuwa anatabasamu. "Uliibandika ukutani, dada. Juu ya meza ninayofungia mizigo. Nimefunga mizigo miezi tisa naitazama."

"Hayakuwa maneno yangu. Mwalimu wa semina ndiye aliyesema biashara ya familia haikui."

"Mwandiko ni wa nani?"

Nikwambie ukweli, msomaji, hapo nilitaka kumtetea Dionisia nikashindwa. Ndoto zake zilikuwa za haki. Alianza na kilo tano za korosho na simu iliyopasuka kioo, na nani wa kumwambia asiote nchi tisa? Lakini alikuwa ameota kwa sauti mbele ya watu aliowafuta, na kila mmoja wao alijua kusoma.

"Nisamehe," alisema Dionisia. "Nitaiandika upya. Nipe laini, Koleta. Saa kumi kuna mtu ananisubiri Nachingwea na mkataba. Tukisaini tunakua wote."

Koleta alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Mtu gani?"

"Anaitwa Faith. Wewe humjui."

Simu ya Koleta iliita mkononi mwake. Aliitazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yaliogopa. Akataka kuikata.

"Pokea," alisema mjomba. "Tena weka sauti kubwa. Kama ni mambo ya laini, laini ni yangu."

Koleta alipokea.

"Koleta, mpenzi," ilisema sauti ya chini, sauti ambayo Dionisia alikuwa ameisikia asubuhi ile ile ikimwambia atulie. "Lile tangazo umeliharakisha, lakini hakuna shida. Nimekaa naye mpaka saa nne na nusu, nimemwambia asihangaike. Laini ninayo hapa kwenye simu yangu. Saa kumi kamili ukurasa unakubali kubadilishwa namba, tunaweka ya kampuni, na mambo yamekwisha. Mzee mwambie pesa zake atazipokea kesho. Hana haja ya kuja tena."

Sasa ndipo Dionisia alipoelewa. Ukurasa ule, ukiingiwa kwa simu ngeni, hujifunga kwa muda wa saa nane kabla ya kukubali namba mpya, ili mwenyewe apate nafasi ya kupiga kelele. Mjomba aliweka kidole saa mbili asubuhi, na Faith akauingia ukurasa hapo hapo. Saa hizo nane zinaishia saa kumi jioni. Faith alikuja ukumbini kumkalisha tu ili saa zisogee, tena laini yenyewe ikiwa ndani ya mkoba wake, hatua mbili kutoka kwenye meza ya Dionisia. Na saa aliyompa ya kupiga simu ilikuwa ni saa ambayo hatakuwa na kitu cha kupigia.

"Faith," alisema Dionisia.

Aliisogelea simu mkononi mwa Koleta.

"Dada Dionisia. Bora umesikia."

"Uliniletea mkataba."

"Mkataba ulikuwepo. Mwezi wa sita ukanitumia mpango wako wa miaka kumi. Nikampelekea bosi. Unakumbuka mwaka wa sita?"

Dionisia alifumba macho.

"'Kumwondoa mtu wa kati, kuuza moja kwa moja hotelini.' Mtu wa kati ni mimi, dada. Ulitaka nikushike mkono miaka mitano, nikutambulishe kwa kila hoteli, halafu unitoe. Na ulinitumia uniambie mapema."

"Nilitaka ujue nina malengo makubwa."

"Nimejua. Bosi naye amejua. Amesema mtu mwenye malengo kama hayo hufanyi naye biashara, unamnunua akiwa bado mdogo." Faith alishusha pumzi. "Pole. Una kichwa kizuri. Anzisha ukurasa mwingine."

Simu ikakatika.

Mjomba Maximilian aligeuka taratibu kumtazama Koleta.

"Wewe uliniambia tunawakodishia. Msimu mmoja, halafu laini inarudi nyumbani, unaishika wewe."

"Mjomba, ningekwambia kuuza ungekubali?"

"Kwa hiyo umeuza."

"Nimeuza. Dada angenifukuza mwaka wa pili. Nilitaka niondoke na changu kabla. Kosa langu liko wapi?" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Mnasema mali ya tumbo letu. Mimi sikutoka kwenye tumbo hilo?"

Kuku walikuwa wanadonoa korosho kwenye turubai na mzee hakuwafukuza. Nadhani alikuwa anafikiria kidole chake, alichokitoa mara mbili, mara zote mbili kwa mtu wa damu yake, na mara zote mbili hakuambiwa yote.

Halafu aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kitambulisho amekishika mkononi.

"Duka la laini linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," alisema Dionisia, moyo ukimpanda.

"Nikiweka kidole tena, laini ya huyo mama inakufa?"

"Inakufa hapo hapo, mjomba. Ikifa kabla ya saa kumi, hawezi kubadilisha chochote. Ikipita dakika moja, ukurasa haurudi tena."

"Mpwa mmoja anataka kuihamishia Dodoma. Mwingine ameiuza kwa mtu asiyejua Ruponda iko wapi." Mzee alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Heri wa Dodoma. Nitaweka kidole, na leo leo iandikwe jina lako, nisishike tena. Ila hiyo karatasi utaiandika upya, na Ruponda iwemo, na mdogo wako awemo."

"Ndiyo, mjomba."

"Usiseme haraka hivyo."

"Ndiyo, mjomba," alisema Dionisia kwa haraka ile ile.

Koleta alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatazama saa ya simu yake. Saa tisa kasoro dakika kumi. Kwa barabara ile, mpaka Nachingwea ni dakika hamsini ukiendesha bila huruma. Gari la mchana lilikuwa limeshapita. Ruponda nzima saa hiyo vijana wa bodaboda walikuwa wamebeba korosho kupeleka ghalani. Chombo kilichokuwepo ni kimoja, na mwenyewe alikuwa amekiegemea nje ya ua, mahali alipoambiwa abaki.

"Shija," aliita Dionisia akimshika mjomba mkono, "washa. Tunabebana watatu."

Shija hakuwasha.

Alisogea. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani ya ua, na mjomba hakumzuia. Alikwenda mpaka kwenye baraza, ambako mzee alikuwa ameiweka ile karatasi yenye plastiki, akaichukua, akaishika kwa mikono miwili. Shija hakusoma shule. Alipokuwa na umri wa shule alikuwa porini na ng'ombe wa baba yake. Dionisia alilijua hilo, na kati ya watu wote aliowagawia mpango wake kwa fahari, yeye peke yake hakupewa nakala.

"Mjomba amejitafuta, hakujiona," alisema Shija. "Binti amejiona mwaka wa pili. Yule mama wa Dar amejiona mwaka wa sita." Akaigeuza karatasi kumwelekea Dionisia. "Mimi uliniweka mwaka wa ngapi?"

"Shija, saa zinakwenda. Nitakueleza njiani."

"Nieleze hapa."

"Tutachelewa. Nakuomba."

Shija alimtazama kidogo, kisha akampa Koleta ile karatasi.

"Nisomee wewe. Tafuta penye ng'ombe."

Koleta alimtazama dada yake. Dionisia alitikisa kichwa, kidogo sana, akimwomba. Dada mdogo aliyekuwa amefunga mizigo miezi tisa chini ya karatasi hiyo hakuhitaji kutafuta.

"'Mwaka wa nne,'" alisoma. "'Kununua ng'ombe wetu wenyewe na kuachana na wafugaji.'"

Mjomba Maximilian alivua kofia yake.

"Ni mwaka wa nne, Shija," alisema Dionisia, na sauti ilimtoka nyembamba. "Bado ni mbali."

Maneno hayo alipenda ayarudishe mdomoni, lakini yalikuwa yameshatoka.

Shija alirudi kwenye pikipiki. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti, akarudi tena ndani ya ua. Akakaa chini barazani, kwenye nyumba ya watu wasiomtaka, akanyoosha miguu.

"Basi tuongee," alisema. "Mimi sina haraka ya saa kumi."